Mgongano uko maabara, si mwilini

Makala yenu inasema vidonge vya PrEP (dawa anazomeza asiye na VVU ili asiambukizwe) na kingamwili dhidi ya VVU "vinapingana" mwilini. Hapana, ndugu mwandishi, kila kimoja kina lindo lake. Kingamwili kama VRC01 hukidaka kirusi kikiwa bado nje, pale pale kinapojishikiza kwenye seli ya CD4, seli ya kinga ambayo VVU hushambulia. Tenofoviri, dawa iliyomo kwenye vidonge vya PrEP, hukisubiri ndani, inakizuia kisigeuze RNA yake kuwa DNA. Hata njia za kutoka ni tofauti: kingamwili huvunjwavunjwa kama protini nyingine, tenofoviri hutolewa na figo.

Panapogongana ni kwenye vipimo. Kupima nguvu ya kingamwili, majimaji ya damu ya mshiriki huchanganywa na virusi na seli, kisha huangaliwa seli ngapi zimeambukizwa. Sasa kama alimeza kidonge, dawa iliyomo damuni nayo inazuia maambukizi. Mpimaji anaona seli salama, anaisifu kingamwili, kumbe kazi imefanywa na kidonge! Ndiyo maana hupimwa pia kirusi kingine ambacho kingamwili hiyo haikigusi kabisa. Nacho kikizuiwa, ujue kuna dawa humo.

Halafu hilo la "VRC01 ilifeli" mmelikata nusu. Majaribio ya AMP, yaliyopima VRC01 kwa watu kama kinga dhidi ya VVU, dripu kila wiki 8, matokeo yakachapishwa 2021: kwa jumla haikukinga, kweli. Lakini kwa virusi vinavyodhibitiwa kirahisi na kingamwili hiyo, ufanisi ulikuwa karibu asilimia 75. Hiyo ndiyo sehemu niliyotaka kuisoma hapa.