Andrea Hairston ni mtu wa tamthilia kwanza
Asanteni kwa makala ila mmemwita Andrea Hairston mwandishi wa riwaya za kisayansi tu, tamthilia zake mmezipita mbio kweli, wakati hapo ndo penye utamu wenyewe. Huyu mama alikuwa anasoma hesabu na fizikia chuoni, akatengeneza spesho ifekti za mchezo mmoja wa jukwaani basi ikawa ndo kwaheri, akahamia sanaa jumla. Miaka na miaka ameongoza kundi la maigizo la Chrysalis Theatre, michezo ya muziki, ngoma na vinyago, huku akifundisha chuo cha Smith College kule Massachusetts, riwaya ya kwanza Mindscape imekuja kutoka 2006! Riwaya yake nyingine, Redwood and Wildfire, ikapata tuzo ya Tiptree ya 2011 (siku hizi inaitwa Otherwise, ni ya hadithi za kisayansi na fantasia zinazochimba mambo ya jinsia), mwaka uliofuata mashabiki wakamfanya mgeni wa heshima WisCon, lile kongamano lao la hadithi za kisayansi la Madison, Wisconsin, na mashabiki wale sio wa kudanganywa jamani, wanasoma kila kitu. Mimi nikisoma wahusika wake wakiongea nasikia kabisa huyu kazoea kuwaandikia waigizaji, kila mtu na sauti yake, hata umtoe jina bado utamjua. Wahariri, mkimwandika tena naomba tamthilia zipewe nafasi yake.