Semina haiongezi macho

Kazini mtu akikosea jibu linakuwa lile lile, hakufunzwa vizuri, apelekwe semina. Mi naona mara nyingi tunamwonea tu, maana hakuna anayeuliza siku hiyo alikuwa kabeba mangapi.

Angalia ajali ya Überlingen, Ujerumani, usiku wa tarehe 1 Julai 2002. Tupolev, ndege ya abiria ya Urusi, na ndege ya mizigo ya DHL ziligongana angani, watu 71 wakafa, wengi wao watoto, wanaenda zao likizo Hispania. Aliyekuwa anaziongoza kutoka Zurich hakuwa mwanagenzi, alikuwa mzoefu, ila usiku ule mwenzake kaenda kupumzika (zamu za usiku ndo ilikuwa kawaida yao), kabaki peke yake na skrini mbili na masafa mawili ya redio, mafundi nao wako kwenye mitambo, ile tahadhari ya kwenye skrini ya ndege zikikaribiana haifanyi kazi, simu kuu imezimwa na ya akiba mbovu. Hapo hapo ikaingia ndege nyingine imechelewa inataka kutua uwanja wa Friedrichshafen, akawa anahangaika kuwapigia watu wa uwanja hawapati. Waongozaji wa kituo cha Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari wakapiga simu Zurich, haikuingia!

Alivyogeukia skrini ya pili imebaki chini ya dakika moja. Akawaambia Warusi washuke, halafu akawaambia ile ndege nyingine iko kulia kwenu wakati ilikuwa inatokea kushoto. Hili la kulia na kushoto huwa linanirudia sana. Kulia na kushoto mtoto wa chekechea anajua, sasa hapo ungemfundisha nini? Kichwa kilishajaa.

Wanaotetea mafunzo nao wana hoja, sikatai. Mtambo wa ndani ya Tupolev wa kuzuia ndege zisigongane ulikuwa unasema pandeni, marubani wakamfuata mwongozaji wakashuka, na DHL nao wameutii mtambo wao wanashuka. Miongozo ya Warusi haikuweka wazi nani asikilizwe kwanza, hapo mafunzo yangeokoa watu kabisa. Na kweli kazi ukiizoea mkono unaenda wenyewe, akili inapata nafasi. Ila hiyo nafasi bosi akiijazia skrini ya pili, uzoefu wote umeliwa.

Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani watu wanne wa kampuni ile ya kuongoza ndege, na walikuwa mameneja.