Hema la Watu Kumi

Nataka nikutane na yule aliyeandika "watu 10" kwenye boksi la hema. Hao kumi aliwapima wapi, na walikuwa wamelala au wamesimama? Sisi tuko tisa: mimi, mama watoto, watoto sita, na mama mkwe. Usiku wa kwanza goti la Doto lilikuwa mbavuni mwangu na kisigino cha Kulwa kwenye sikio, na bado nafasi ya mtu wa kumi sijaiona.

Tulikuwa na tela la kulala, jamani. Karavani kabisa, lina mlango, dirisha, jiko la gesi na kitanda cha wakubwa. Mama mkwe alikuwa na chumba chake kule nyuma na komeo la ndani, heshima iko palepale. Wavulana walijaa chini ya meza, sawa, lakini bati ni bati. Nililivuta na Land Cruiser mkonga wangu miaka yote nikipanga foleni ya kivuko cha Ziwa Victoria pale Kigongo, Mwanza, jua la mchana, na nauli ya tela inahesabiwa pembeni kana kwamba lina abiria wake. Mama watoto akasema linakula hela, tairi, springi, trafiki, tuuze tununue hema, "familia ikae karibu". Nikauza. Sijamaliza hata kuila hela yenyewe, Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi likafunguliwa. Kilomita 3, lami tupu, unavuka chai ikiwa bado ya moto. Sasa navuka na nini? Na mfuko wa hema juu ya keria.

Tukafika ufukweni upande wa Sengerema. Kigingi cha kwanza nikakigonga, kikapinda. Cha pili kikapinda. Huku kwetu ukichimba kidogo tu unakutana na jiwe, na hilo jiwe lina ndugu zake mpaka Bismarck Rock, yale mawe ya ziwani pale Mwanza mjini. Nikafunga kamba kwenye mawe, mama watoto amekaa kivulini anamenya mihogo, ananiambia, "Mawe si ya bure, baba Kulwa?" Na upepo wa huku usiku unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo hema liking'oka linajua pa kwenda. Tutaamkia kisiwani Ukerewe.

Jioni tukawasha taa. Kosa la nani sijui, taa ilishikwa na watoto. Wale wadudu wa ziwani wakanyanyuka kule majini kama moshi, wakaja wote. Hawaumi, lakini wanaingia kwenye ugali, kwenye dagaa, ukifungua mdomo kukemea unameza. Watoto sita, kila mmoja ana safari yake ya nje, na kila safari ni zipu: zzzip kutoka, zzzip kurudi, na yupo mmoja (simtaji, anafanya mtihani mwaka huu) ambaye hafungi.

Ila mtihani mkubwa ni pazia. Muuzaji aliniambia hema lina "vyumba viwili". Kumbe ni kitambaa, na nyuma ya kitambaa ni mama mkwe. Mimi mkwe wake ambaye hata chumvi namwomba kwa kumtuma mtoto, leo nasikia anavyojigeuza! Nikalala chali nimebana pumzi, nisije nikakoroma mbele ya mzazi.

Saa nane usiku kitu kikaanza kung'oa nyasi. Karibu, karibu kabisa. Krrap. Kinatafuna. Krrap. Kulwa akauliza kwa sauti, "Baba, ng'ombe wa nani huyo?" Nami nikajikuna nikitafuta jibu la kibaba. Mama mkwe, mtoto wa Ukerewe, akaongea nami moja kwa moja kupitia pazia, mara ya kwanza tangu nitoe mahari:

"Mkwe, zima taa. Kiboko huyo."

Ndani ya tela ningechungulia dirishani na kikombe mkononi. Hapa kati yangu na mnyama mwenye tani na zaidi kuna turubai na zipu isiyofungwa. Tukanyamaza wote tisa. Kiboko anakula, hana haraka, usiku ndiyo saa yake ya malisho.

"Baba," Doto akanong'ona, "mkojo."

Mama watoto hakusema neno. Akapapasa gizani, akamsogezea sufuria ya ugali.

Asubuhi tulikunywa chai na mihogo ya kuchoma. Hakuna aliyeuliza ugali.

Sasa shule zinafungwa, na mapacha wameshamsimulia shangazi yao wa Igombe habari yote, kiboko na sufuria. Amepiga simu. Ana watoto watano na anauliza hema linachukua watu wangapi. Nikamwambia, dada yangu, hema limechanika.

Mama watoto akanipokonya simu: "Limeshashonwa, wifi. Njooni tu, tutabanana."