Bunduki Moja, Mafaili Saba

Mbukwa jamani. Yupo mtu hapa Dodoma, shemeji yake ana shamba Mkushi, Zambia, na kila wakipigiana simu anaambiwa kanga huko wamejaa hadi wanakula mahindi wakiwa wamepanga foleni. Sasa mtu huyo anawaza: gari ninalo, shotigani ninayo, kitabu cha silaha, yaani leseni yake, ni halali, serikali inanijua. Si nijaze mafuta tu niondoke?

Pole yake. Hicho kitabu alichokitafuta kuanzia serikali ya mtaa, akapita kata, akapita polisi, akajadiliwa na kamati za ulinzi na usalama kana kwamba anaoa binti wa mkuu wa mkoa, nguvu zake zinaishia getini Tunduma, mpakani na Zambia. Hatua tatu mbele ya geti, yeye ni mtu mwenye bunduki katika nchi ya watu. Basi. Asije akasema "lakini kwetu ninaruhusiwa." Kwetu ni kwetu.

Tukubaliane mapema: kwenye safari hii anayesafiri ni karatasi, bunduki inasindikiza tu. Karatasi zenyewe ni za pande mbili. Huku unaomba kibali cha kuitoa silaha nchini, kule unaomba kibali cha kuiingiza kwa muda. Na hiki cha kule ndicho kinachowaliza watu, maana hakiombwi mpakani ukiwa umevaa kandambili na kushika soda. Kinatakiwa kiwe mkononi kabla hujaiaga familia. Bila hicho unakuwa umeendesha kilomita zaidi ya mia sita, Mtera, Iringa, Makambako, Mbeya, ili uambiwe na kijana mdogo mwenye kalamu sikioni, "Mzee, geuza."

Na ombi lenyewe lina vidudu vyake. Wanataka kopi ya pasipoti, kopi ya kitabu, barua ya mwenyeji, sababu ya safari, tarehe ya kuingia na ya kutoka, idadi ya risasi, na mpaka utakaoupitia. Hapo kwenye mpaka usijibu kwa mazoea. Kibali kikisema Tunduma na Nakonde, yaani geti la pili upande wa Zambia, ni hapo hapo. Usije ukasikia foleni ya malori imefika mbali ukakata kona kutokea Sumbawanga na Mbala. Huko utawakuta watu wema kabisa, ila hawakujui wewe wala bunduki yako.

Ukishapiga kopi steshenari, kaa chini usome herufi moja moja, maana balaa halisi linaishi humo. Pasipoti inasema Hamisi, kitabu kinasema Khamis, kadi ya gari inasema Hamis. Kwenye msiba hao wote ni mtu mmoja. Mpakani ni ndugu watatu, na mmoja wao amebeba silaha ya mwenzake.

Halafu namba ya bunduki. Ile ya mitutu miwili huwa na maandishi kila mahali: kwenye chuma cha katikati, kwenye mitutu, wakati mwingine hata kwenye chuma cha kishikio cha mbele ukikichomoa. Kuna alama ya kiwanda, kuna alama ya majaribio ya mtutu, na kuna alama ya serikali, kwa sababu Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, yale makubaliano ya nchi za ukanda huu kuhusu silaha ndogo, inataka silaha zitiwe alama. Karani mwenye haraka anaokota namba ya kwanza aliyoiona chini ya grisi na kuiandika. Kwa hiyo kabla ya kuomba chochote, chukua kitambaa na mafuta kidogo, futa, mulika na tochi kwa pembeni, kisha andika namba kama ilivyo. Sifuri na O, moja na I, nane na B: hao ndio wanaolaza watu mpakani kuliko mbu.

Lakini kinachochekesha zaidi ni kipimo. Shotigani ni "namba 12." Mtu anachukua fomu, anaona sehemu ya kipimo cha mtutu, anaandika "12 mm," anasaini, anagonga muhuri. Jamani! Namba 12 si milimita. Ni hesabu ya zamani: chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe gololi kumi na mbili zilizo sawa, gololi moja ndiyo inayoenea mtutu huo. Ukiupima unapata kama milimita 18.5. Afisa wa ng'ambo akishika kibali cha milimita 12 na bunduki ya namba 12, hizo ni silaha mbili tofauti, na moja haipo. Afadhali hata huyo. Mwenye ile ndogo ya .22, ambayo ni sehemu ya inchi, yaani karibu milimita 5.6, nukta ikidondoka na mtu akaongeza "mm" anakuwa ameomba ruhusa ya kuvuka na mzinga wa kutungulia ndege. Ndege za chuma, siyo kanga.

Ukitoka hapo unakuja kwenye risasi. Boksi la shotigani kwa kawaida lina 25. Ukiomba 50, beba maboksi mawili yaliyofungwa, siyo moja zima na nyingine zikilia kwenye kopo la kahawa. Afisa atazihesabu. Zikiwa 49 utaulizwa moja iko wapi, zikiwa 51 utaulizwa hii ni ya nani, na swali la pili ni baya zaidi. Kwa hiyo siku moja kabla ya safari geuza mifuko ya koti la porini, inua kapeti la gari, ingiza mkono chini ya kiti cha nyuma. Risasi moja iliyosahaulika tangu mwaka juzi, ambayo hapa nyumbani watoto wanaiita betri, kule ni risasi ambayo haimo kwenye kibali. Na lile ganda ulilotengenezea kishikio cha funguo, liache kwenye kabati la vyombo.

Sijui nimwambie nani kuhusu gobole la babu. Halina kiwanda, halina namba, limefungwa na waya wa baiskeli. Utaliandikaje kwenye fomu? Liache lilipo, na kama halina kibali hata hapa kijijini, hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Njiani utaratibu ni mmoja. Bunduki haina risasi, imevunjwa vipande au imetolewa bolti, iko kwenye sanduku gumu lenye kufuli. Risasi ziko kwenye sanduku jingine lenye kufuli jingine. Ufunguo uko shingoni kwako, siyo kwenye dashibodi. Askari wa kizuizi akikusimamisha, sema mwenyewe kabla hajauliza, kwa sauti ya kawaida, mikono ikionekana, na karatasi ziwe kwenye faili na siyo chini ya lile sanduku lenyewe, maana wapo wenye akili hiyo ya kufungia kibali ndani na bunduki.

Mateso sasa ni Mtera. Unafika saa ya njaa, samaki wanakaangwa pale barabarani, harufu inaingia hadi kwenye spidomita. Huwezi kushuka. Silaha haiachwi kwenye gari peke yake, na huwezi kuibeba begani ukaenda kuchagua perege. Unamtuma mwenzako. Anarudi na samaki mdogo mwenye macho ya huzuni na habari kwamba chenji hakuna. Unakula umekalia usukani, mkono mmoja una pilipili, mwingine unapapasa ufunguo shingoni. Hayo ndiyo matembezi.

Tunduma ukifika, vishoka watakuvamia kabla hujazima injini. Usimpe mtu faili. Usimwambie mtu nini kiko kwenye buti. Acha mwenzako ndani ya gari, ingia na karatasi tu, umwambie afisa una silaha yenye kibali, umuulize ikaguliwe wapi. Kuna watu waliingia ukumbini na sanduku mkononi wakashangaa kwa nini foleni imepungua ghafla.

Na hapa nipige kelele kidogo: hakikisha upande wa Tanzania wameandika kwamba silaha imetoka. Watu wanakimbilia mihuri ya kuingia kule na kusahau ya kutoka huku. Wiki mbili baadaye unarudi, na kwenye daftari za nyumbani bunduki yako haijawahi kuondoka. Kwa hiyo inayorudi ni ipi? Umeingiza silaha mpya, ndugu. Anza kueleza.

Mambo ya gari hayana ushairi: kadi halisi, au barua ya mwenye gari iliyopita kwa wakili, kadi ya njano ya bima ya COMESA, ule umoja wa soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania inaitumia ingawa COMESA yenyewe tulijitoa, na pembe tatu mbili. Zambia wana tozo ya hewa chafu kwa gari la kigeni, usigombane na mtu. Pia saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiambiwa ofisi inafunguliwa "eight" ukaenda na saa ya Dodoma, utakaa kwenye ngazi na mlinzi.

Wapo wenye ndoto ndefu zaidi, wanaotaka kuunganisha mpaka Afrika Kusini kupitia daraja la Kazungula. Kila nchi unayokanyaga ina kibali chake, hata kama unapita tu. Kule mwisho kuna fomu ya polisi wa Afrika Kusini, SAPS 520: wino mweusi, na usiisaini nyumbani, inasainiwa mbele ya polisi wao. Wanaotaka kwenda Kenya nao, uwindaji wa kitalii ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo kama huendi kulenga shabaha kwenye mashindano, utamweleza nini afisa wa Namanga?

Na haya yote bado hayajakupa ruhusa ya kumpiga kanga hata mmoja. Leseni ya kuwinda ni faili jingine, ofisi nyingine, ada nyingine, na nyama yake ukitaka kuivusha kurudi Dodoma unaanza na watu wa idara ya mifugo.

Ndipo unafika Mkushi, mgongo umekufa, faili limevimba kama mkate. Shemeji anakutazama ukishusha masanduku mawili yenye kufuli mbili, anakuna kichwa. "Kwani ungepiga simu, shemeji. Kampuni ya uwindaji hapo jirani inakodisha za kwao, vibali vyote wanavyo."