Kazi za usiku: cron inatosha au tununue skedula?

Watu wa IT maofisini wana ubishi mmoja hauishi, hizi kazi za usiku, bakapu, ripoti, kufunga siku benki, faili la mishahara, tuziache kwenye cron (programu ndogo ya seva inayoanzisha kazi kwa saa uliyopanga), kila seva na yake, au zote ziwe chini ya skedula moja kama Control-M, programu ya kulipia inayopanga kazi za seva zote na kujua ipi inafuata ipi?

Wa cron wana hoja. Ni bure, iko kwenye karibu kila Linux, unaandika mstari mmoja umemaliza. Shida cron inajua saa tu, haijui kilichotokea. Umepanga faili la mauzo lije saa saba usiku na ripoti itengenezwe saa nane, siku neti ya tawi ikisumbua faili halifiki lakini ripoti inatoka vilevile, ikiwa na namba za zamani, na bosi asubuhi anaisoma anachekelea. Halafu seva nyingi za klaudi ziko UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko mbele masaa 3, ukiandika 0 0 (dakika sifuri, saa sifuri) ukidhani ni saa sita usiku inakimbia saa tisa, na kama skripti inabeba kila kilichopo mpaka muda huo, miamala ya siku mpya imeshaingia hesabu ya jana. (Bora sisi, Ujerumani saa zinarudishwa nyuma kila Oktoba na kazi ya saa nane na nusu usiku inaweza kukimbia mara mbili.)

Skedula inamaliza hayo, kazi ya pili haianzi mpaka ya kwanza imeisha salama, ikikwama inapiga kelele hapohapo. Mimi naitaka kabisa. Ila ndio umeshaifunga benki nzima kwenye programu moja, waulize RBS, benki ya Uingereza. Juni 17, 2012 walipandisha toleo jipya la skedula yao, likaleta matatizo, wakaamua kuliondoa bila kujaribu kwanza kuliondoa kutaleta nini, kumbe halikupatana na la zamani. Wateja zaidi ya milioni 6.5 wakaguswa, salio halisomeki sawasawa, malipo hayaendi, na Ulster Bank, benki yao ya Ireland, ikasota mpaka Julai. Mwaka 2014 wakapigwa faini ya pauni milioni 56.

Wengine wanasema si unaona, otomesheni hiyo. Sikubaliani, kazi nyingi namna ile hakuna binadamu wa kuzikimbiza kwa mkono usiku mmoja. Kinachonisumbua ni vijana walioikuta skedula ipo tayari, hawajui nini kinatangulia nini, na skripti zenyewe ukizirusha tena mshahara unalipwa mara mbili. Hilo la pili ni la kurekebisha kwanza, hata kabla ya kuongea na muuzaji.

Ofisi yenye kazi kumi kumi na tano, sioni sababu ya kulipia leseni kwa dola, cron na meseji ikifeli inatosha sana. Benki na kampuni za simu wanunue, ila kabla ya kusaini muuzaji awaonyeshe laivu anavyorudisha toleo la zamani kazi zikiwa katikati.