Pesa Chache za Mpiga Picha wa Filamu Ziende Wapi

Mtu akiamua kupiga picha kwa filamu huku mfuko wake ni mwepesi, ushauri wa kwanza anaopewa huwa ni kutafuta filamu zilizopitwa na muda, kwa kuwa zinauzwa kwa bei ya kutupa. Ushauri huo naupinga. Filamu iliyozeeka hupungukiwa na uwezo wa kunasa mwanga na negativu zake, yaani filamu iliyosafishwa ambamo penye mwanga huwa peusi na penye giza huwa peupe, huingia ukungu, na kiasi cha uharibifu hutegemea mahali ilipohifadhiwa, jambo ambalo muuzaji mara nyingi halijui. Mwenye nazo anaweza kuchukulia matokeo hayo kuwa mchezo. Mwenye mkanda mmoja tu anahitaji kujua kwamba picha iliyoharibika imeharibika kwa uamuzi wake, si kwa joto la stoo ya mtu mwingine.

Kuhusu kamera sina mengi. Kamera kuukuu isiyohitaji betri, yenye lenzi moja ya milimita 50, inatosha, hata kama kipimamwanga chake kimekufa. Kwenye jua kali, weka tundu la lenzi kwenye f/16, ambalo ni tundu dogo, na kasi ya shata iliyo karibu na namba ya ISO (kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga), yaani sekunde 1/500 kwa filamu ya ISO 400. Mawingu yakitanda, fungua tundu hadi f/8, ambalo ni kubwa zaidi. Ukiwa na shaka, ongeza mwanga, kwa sababu negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua.

Pesa ziende kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe, tena inunuliwe kwa jumla. Roli ya mita 30.5 hutoa takriban mikanda 18 ya picha 36, nawe unaweza kukata mifupi ya picha 12 pale kazi inapokuwa ndogo. Vikopo vya kuiwekea si lazima vinunuliwe: waombe wasafishaji wa picha vile walivyokwisha kuvitumia, ambavyo vimebakiwa na ulimi mfupi wa filamu kwa nje, kisha unganisha filamu mpya na ulimi huo kwa utepe wa gundi.

Kusafisha nako ujifanyie mwenyewe, na hapa ndipo nyeusi na nyeupe inapoishinda filamu ya rangi kwa mbali. Filamu ya rangi hutaka dawa yenye nyuzi 38 za Selsiasi, na joto hilo halipaswi kuyumba; nyeusi na nyeupe husafishwa kwa nyuzi 20 na husamehe makosa madogo. Giza unalihitaji tu wakati wa kuingiza filamu kwenye tangi la kusafishia, lisilopitisha mwanga. Dawa ya mwisho, ile inayoifanya picha isiathiriwe tena na mwanga, hutumika mara nyingi, na njia ya kuijaribu haigharimu chochote. Kata kipande cha ncha ya filamu, kitumbukize humo na uhesabu sekunde: kitakuwa na weupe wa maziwa, kisha kitaanza kung'aa hadi uone kidole chako upande wa pili. Filamu yenyewe ikae humo angalau mara mbili ya muda huo. Siku kipande kitakapochukua muda maradufu wa ule uliopimwa dawa ikiwa mpya, dawa hiyo imechoka.

Kwa ubunifu, ninazipenda zaidi kamera za nusu fremu, kama Olympus Pen iliyoanza kuuzwa mwaka 1959, ambazo hutoa picha 72 kwenye mkanda wa 36. Wengi huzisifu kwa kubana matumizi tu, ilhali uzuri wake mkubwa ni kwamba picha mbili hukaa ubavu kwa ubavu katika nafasi ya moja, kwa hiyo mpigaji huanza kufikiri kwa jozi: uso na mikono ya mtu yuleyule, mlango uliofungwa na uliofunguliwa. Asiyeweza kuipata atengeneze kamera ya kopo lenye tundu la sindano na kulitilia karatasi ya kuchapishia picha. Karatasi hiyo huhitaji mwanga mwingi na kopo huachwa wazi kwa muda mrefu, kwa hiyo mtu anayepita mbele yake hufutika na ukuta hubaki. Tena karatasi nyingi za aina hiyo hazioni rangi nyekundu, hivyo unaweza kuzisafisha chini ya taa nyekundu huku ukitazama picha ikijitokeza, na nguo nyekundu uliyoipiga, ambayo kwenye karatasi hiyo hubaki nyeupe kwa kuwa ni negativu, itatokea nyeusi kama makaa ukiigeuza kuwa picha ya kawaida. Madoido ya namna hiyo hakuna kamera ya bei mbaya inayoyatoa kwa urahisi zaidi ya kopo.