Shoo Yetu Ilivyorekodiwa Mezani pa Urojo

Kupiga roki Unguja kunataka ngozi ngumu. Mji umelelewa na taarab, kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, halafu unatokea wewe na gitaa linalokwaruza, unataka watu wakushangilie. Wageni nao hawachoki kutukumbusha kwamba Freddie Mercury alizaliwa hapa hapa Mji Mkongwe, mwaka 1946. Tunajua, yakhe. Hakutuachia hata kebo.

Mimi ni fundi mitambo wa bendi, cheo nilichopewa kwa kuwa sijui kupiga chochote. Shoo ilikuwa Kikwajuni, baada ya sala ya Isha, na tulipania kuirekodi. Lakini ilikuwa masika, na turubai lilikuwa moja tu, tena limeshawahiwa na Bi Mkubwa anayeuza urojo.

"Shikamoo Bi Mkubwa. Naomba pembe ya meza."

"Marahaba mwanangu. Weka vyuma vyako, ila usinimwagie chatne."

Mikisa, chombo cha kuchanganya sauti za bendi, nikaipandisha juu ya kreti la soda. Rekoda, ile ndogo yenye maiki mbili kichwani na matundu mawili ya kebo chini, nikaiweka mezani, nusu mita kutoka kwenye sinia la kachori. Jukwaa lilikuwa mita 12 mbele.

Tatizo la kwanza lilikuwa mvumo: mmmmm, usiokoma. Ampu ya gitaa ilichomekwa soketi ya klabu, mikisa soketi ya nyumba ya jirani. Vyombo vikipata ardhi, yaani waya wa usalama wa plagi, mahali pawili tofauti, umeme hupita kwenye kebo ya sauti baina yao, na spika huuimba kwa hezi 50 zilezile za umeme wetu. Mpiga besi akashika koleo, ati ang'oe ule mguu wa ardhi wa plagi. Nikamdaka mkono. Ukiung'oa, mvumo unaweza kukata kweli, lakini siku ampu ikivuja umeme, mpiga gitaa akigusa maiki kwa mdomo ndiye atakayekuwa waya wa ardhi. Tukavikusanya vyombo vyote kwenye eksitensheni moja. Kimya. Nikatembea kidogo, nikitazamwa.

Kiburi kile ndicho kilichoniponza.

Nikatoa kebo mbili kwenye mikisa, nikazichomeka kwenye rekoda. Kwa ubora niliouchagua, biti 24, kilohezi 48, chaneli mbili, saa moja hula GB 1 na ushee, na kadi yangu ilikuwa ya GB 8. Nikamwambia mpiga dramu agonge. Mishale ya kipimo cha sauti kwenye rekoda ikaruka, ila midogo. Nikaongeza sauti ya kuingia mpaka vilele vikafika karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ule mpaka ambao ukipitwa sauti huharibika. Vizuri kabisa. Hedifoni zilikuwa shingoni, kama kipimo cha daktari asiye na mgonjwa.

Nilichokisahau ni swichi moja: ile ya kuchagua rekoda isikilize kebo au maiki zake yenyewe. Ilikuwa kwenye maiki. Na mishale haikuambii sauti imetoka wapi. Dramu ikilia mita 12, maiki za kichwani nazo zinaisikia. Ningekwaruza zile maiki kwa ukucha ningejua mara moja, maana mishale ingeruka, na kwa kebo haitakiwi iruke. Mimi badala yake nikaongeza sauti. Mahali pa wazi sauti hushuka desibeli 6 kila umbali unapozidi maradufu, kwa hiyo kilichoweza kuisikia bendi kwa mbali kilimsikia Bi Mkubwa kama msoma taarifa ya habari.

Kesho yake tukakaa kusikiliza. Nyimbo tisa. Bendi ilikuwa huko mbali, kama harusi ya mtaa wa pili. Mbele kabisa:

"Yule mrefu mwana wa nani? Mbona analia kama kakanyagwa kidole?"

"Ndiyo roki hiyo, mwaya. Nikutilie pilipili?"

Ilipofika solo ya gitaa, ile tuliyoifanyia mazoezi miezi miwili, kisu kikaanza kukata viazi: kwata, kwata, kwata. Mpiga dramu akasikiliza kwa makini, akasema, "Hapo kanikimbia kidogo."

"Wewe ndiye uliyemkimbia," akasema mpiga besi.

Katikati ya wimbo wa sita Bi Mkubwa akamnong'oneza mwenzake, safi, bila mvumo wowote: "Chatne ya leo maji matupu. Nazi zimepanda bei, nifanyeje?"

Jioni nikapita kuchukua kreti.

"Vyuma vyako vilichukua vizuri, mwanangu?"

"Vimechukua, Bi Mkubwa. Kila kitu."

Upawa ukasimama hewani. "Kila kitu? Hata... ya chatne?"

"Hata ya chatne."

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanijazia bakuli, akaongeza kachori mbili na mshikaki, na pesa hakutaka.